Locard, Mzee wa Vumbi

Ukishuka basi pale Kahama au Katoro ukitokea machimboni, hujifichi. Vumbi liko kwenye kola, kwenye kucha, hadi ndani ya viatu. Kuna daktari mmoja Mfaransa aliyelifanya vumbi la namna hiyo kuwa shahidi mahakamani.

Edmond Locard alizaliwa mwaka 1877 huko Saint-Chamond. Alisomea udaktari, akawa msaidizi wa Alexandre Lacassagne, gwiji wa uchunguzi wa maiti mjini Lyon. Mwaka 1910 polisi wa mji huo walimpa vyumba viwili vya darini, kwenye jengo la mahakama. Akaingia na hadubini na vifaa vichache. Basi, hapo ikaanza moja ya maabara za kwanza za polisi duniani.

Wazo lake lilikuwa jepesi: vitu viwili vikigusana, kila kimoja humwachia mwenzake kitu. Mwaka 1912 binti mmoja alinyongwa. Mpenzi wake alikuwa na mashahidi, marafiki waliosema usiku ule walikuwa naye wakicheza karata. Locard akachokonoa uchafu chini ya kucha za jamaa, akautazama kwa hadubini. Kumbe ulikuwa na chembe za ngozi zenye poda ya uso ya waridi, sawa na aliyotumia marehemu. Jamaa akakiri: alikuwa ameisogeza saa mbele, marafiki wakadanganyika.

Locard alifundisha na kuandika vitabu hadi uzeeni, akafariki mwaka 1966.

Sasa turudi kwetu. Shinyanga na Geita bibi zetu wameuawa kisa macho mekundu, wekundu wa moshi wa kuni wa miaka mingi. Ndugu zetu wenye ualbino wamekatwa viungo. Mpiga ramli chonganishi huanza na jina la mtu; Locard alianza na vumbi. Lakini kijiji kizima kikikanyaga damu, na panga likishikwa na watu kumi, Mkemia Mkuu wa Serikali atapima nini?

Ukirudi likizo Kishapu au Nyang'hwale, kaa na sungusungu, maana mara nyingi wao hufika kabla ya polisi. Waambie wazungushie kamba, wazuie watu, wasiokote wala kuosha kitu. Wewe unayesomea kazi hii, piga picha kabla ya kugusa, vaa glavu, nguo yenye damu ikaushe kivulini, kila moja mfuko wake wa karatasi, na andika jina la kila aliyeipokea. Jina moja likikosekana, wakili ana pa kuanzia.