Johannes Schmidt: Miaka 18 Akitafuta Mazalio ya Mkunga

Wazee wetu waliosafiri na majahazi kutoka Lamu na Rufiji kuja Sur na Maskati walibeba shehena za boriti za mikoko, na nyumba nyingi za zamani huku Ghuba ziliezekwa kwa boriti hizo. Mtu tunayemsimulia leo naye alianza elimu yake kwenye mikoko, ingawa jina lake lilikuja kuvuma kwa jambo jingine kabisa: samaki aitwaye mkunga, na swali la wapi anazaliwa.

Johannes Schmidt alizaliwa tarehe 2 Januari 1877 huko Jægerspris, Denmark. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka saba tu. Mjomba wake, Johan Kjeldahl, alikuwa mkemia katika maabara ya kiwanda cha Carlsberg, na ndiye aliyebuni njia ya kupima protini ya chakula ambayo mpaka leo inatumika. Kijana akakua karibu na mjomba huyo, akasoma elimu ya mimea, akasafiri hadi Siam, nchi ambayo sasa ni Thailand, kuchunguza mimea ya kisiwa cha Koh Chang. Mwaka 1903 alipata shahada ya udaktari kwa utafiti juu ya mikoko. Mwaka huohuo alimuoa Ingeborg, binti wa mkubwa mmoja wa Carlsberg. Safari zake nyingi za baadaye zililipiwa na mfuko wa kampuni hiyo. Asili ya fedha hizo ni bia, na hilo hatuna haja ya kulifunika. Khabari ni kwamba bila ya fedha hizo asingefika mbali.

Wakati huo nchi za kaskazini mwa Ulaya zilikuwa na wasiwasi juu ya uvuvi wao. Walitaka kujua samaki wanataga wapi, na makinda wanakua kwa kasi gani. Schmidt akapewa kazi katika meli ya utafiti iitwayo Thor, kutafuta mayai na viluwiluwi vya chewa wa baridi na samaki wengine wa chakula katika maji ya Iceland na visiwa vya Faroe. Mwezi wa Mei 1904, magharibi ya Faroe, wavu ulipandisha kitu kama jani la kioo, chenye urefu wa sentimita saba na nusu. Kilikuwa kiluwiluwi cha mkunga.

Hapa msomaji asichanganye. Mkunga huyu si yule wa kwenye miamba ya Unguja, anayetoa kichwa pangoni akionesha meno. Huyu ni mwembamba wa Ulaya, anayekua mitoni na maziwani kwa miaka mingi. Akifika utu uzima rangi yake hugeuka kuwa ya fedha, tumbo lake la chakula husinyaa, huacha kula, kisha hushuka baharini asirudi tena. Hakuna mvuvi aliyewahi kumkuta na mayai yaliyokomaa. Aristotle aliamini kwamba mikunga huzuka kwenye tope. Sigmund Freud, kabla hajawa daktari wa nafsi, alikaa Trieste mwaka 1876 akipasua mikunga wapatao 400 kutafuta viungo vya uzazi vya dume. Wajerumani walikuwa na samaki mwingine anayezaa watoto hai, wakamwita mama wa mikunga kwa kudhani ndiye anayewazaa. (Sisi wenye lugha ambayo mkunga pia ni yule mama anayezalisha, tuna haki ya kutabasamu.)

Mwaka 1896 Wataliano wawili, Grassi na Calandruccio, walikuwa wamekwishaonesha kwamba kile kijani cha kioo hugeuka kuwa mkunga. Wakadhani mazalio yake ni bahari yao ya Mediterania. Schmidt akaenda huko na Thor kati ya 1908 na 1910, akapima. Akaona kwamba viluwiluwi vya upande wa mashariki ni vikubwa, na kadiri unavyosogea magharibi kuelekea mlango wa Gibraltar vinazidi kuwa vidogo. Kwa hiyo walikuwa wageni mle, wameingia kutoka Atlantiki.

Njia yake yote ni hiyo, nayo ni nyepesi kueleza kuliko kuifanya. Mtoto mdogo hajaenda mbali na alikozaliwa. Basi vua viluwiluwi kila mahali, pima urefu wa kila kimoja, andika kwenye ramani, kisha fuata mahali vinapozidi kupungua. Lakini Atlantiki si hori la Kizimkazi. Schmidt hakuwa na meli ya kutosha, akawaomba manahodha wa meli za biashara za Denmark wakokote nyavu zenye matundu madogo kama kifumbu cha kuchujia tui, wamletee kilichonaswa kwenye chupa. Mwaka 1913 akapata jahazi la Margrethe, likapanda mwamba West Indies na kuvunjika. Chupa za viluwiluwi ziliokolewa. Halafu vikaja Vita Vikuu vya kwanza, na utafiti ukasimama.

Alirudi baharini mwaka 1920 kwa meli iliyoitwa Dana, kisha nyingine ya jina hilohilo. Safari hii alikwenda moja kwa moja kwenye Bahari ya Sargasso, bahari isiyo na pwani, iliyojaa mwani unaoelea. Huko viluwiluwi vilipungua hadi milimita kumi, kisha hata chini ya hapo. Ramani yake ikawa na duara ndani ya duara. Mwaka 1922, miaka 18 baada ya kile kiluwiluwi cha Faroe, alitangaza kwamba mazalio ya mkunga wa Ulaya ni hapo, zaidi ya kilomita 5,000 kutoka mito ya Denmark. Kwa hesabu zake, mtoto huchukua karibu miaka mitatu kuvuka bahari hadi Ulaya.

Binafsi naona kazi yake juu ya yule anayeitwa mama wa mikunga haijapewa haki yake. Kwa kuwa samaki yule huzaa watoto walio hai, Schmidt aliweza kuhesabu pingili za uti wa mgongo wa mama na za watoto wakiwa bado tumboni, akalinganisha samaki wa ndani ya hori na wa bahari ya wazi. Swali lilikuwa kubwa: kipi kinatokana na damu ya wazazi, na kipi kinatokana na maji anamokulia? Mwaka 1930 alitunukiwa Nishani ya Darwin mjini London.

Wapinzani hakukosa. Hakuwahi kuliona yai la mkunga, wala mkunga mzima ndani ya Sargasso, lakini aliandika kama mtu asiye na shaka. Waliochambua upya takwimu zake miaka ya 1980 walionesha kwamba ushahidi ulikuwa na mapengo kuliko alivyoyaeleza. Na jambo hili si la vitabuni tu. Tangu 2008 mkunga wa Ulaya yumo katika orodha ya viumbe walio katika khatari kubwa ya kutoweka, na huwezi kulinda mazalio usiyoyajua.

Kati ya 1928 na 1930 aliizunguka dunia na Dana, akipita na Bahari yetu ya Hindi, kutafuta mazalio ya mikunga wengine. Homa ya mafua ilimuua tarehe 21 Februari 1933, akiwa na miaka 56.

Wajapani walipata mayai ya mkunga wao baharini mwaka 2009, karibu na visiwa vya Mariana. Ya yule wa Ulaya hayajaonekana hadi leo, ila mwaka 2022 ilitangazwa kwamba mikunga kadhaa waliofungwa vifaa vya kufuatiliwa kutoka visiwa vya Azores walifika Sargasso. Chupa za Dana zimehifadhiwa Copenhagen, na watafiti bado wanazifungua.