Grover Cleveland: Aibu ya Nyumbani na Amana ya Umma

Kila uchaguzi ukaribiapo, watu hugawanyika mafungu mawili. Wako wasemao kwamba mambo ya mtu na nyumba yake hayamhusu mpiga kura. Litakiwalo ni kazi tu. Na wako wasemao kwamba asiyeweza kuihifadhi nafsi yake hawezi kuhifadhi mali ya watu. Sisi twaona kuwa mas'ala haya hayakatwi kwa neno moja. Na ili yapate kufahamika, tumependa kuwaeleza wasomaji wetu maisha ya mtu ambaye taifa zima lilimpima kwa mizani hii. Naye ni Grover Cleveland, aliyekuwa Rais wa Marekani mara mbili.

Alizaliwa tarehe 18 Machi 1837 katika mji mdogo wa Caldwell, jimbo la New Jersey. Baba yake alikuwa kasisi mwenye watoto wengi na mshahara mchache, naye alifariki mwaka 1853, Cleveland akiwa kijana wa miaka 16. Masomo ya juu akayakosa kwa ufukara. Akafanya kazi muda mfupi katika skuli ya vipofu mjini New York, kisha mwaka 1855 akahamia Buffalo kwa jamaa zake, akajifunza sheria katika ofisi ya mawakili, hata mwaka 1859 akapewa idhini ya uwakili. Sifa yake haikuwa ufasaha wa ulimi, bali ni ustahimilivu wa kazi na kukataa kununuliwa.

Kwa sifa hiyo alipanda upesi. Mwaka 1882 alishika umeya wa Buffalo, akakuta madiwani wameipa kazi ya kusafisha barabara kampuni iliyotaka bei kubwa kuliko zote, ilhali walikuwapo waliokubali kuifanya kwa pungufu ya kiasi cha dola 100,000. Cleveland aliukataa mkataba huo, na waziwazi akawaambia madiwani kuwa wamewakhini wananchi. Mwaka huo huo akachaguliwa gavana wa jimbo la New York, na huko akashindana na kundi la Tammany Hall lililozoea kugawanya vyeo na mali ya umma, ingawa lilikuwa la chama chake mwenyewe. Ilipofika Julai 1884, chama cha Democratic kikamsimamisha kugombea urais.

Siku chache baadaye, tarehe 21 Julai, gazeti moja la Buffalo likatoa khabari ya kumfedhehesha. Lilieleza kuwa miaka kumi nyuma, kabla hajaoa, Cleveland alikuwa na uhusiano na mjane mmoja, Maria Halpin, mfanyakazi wa duka. Na kwamba mwaka 1874 mwanamke huyo alizaa mtoto wa kiume, akamtaja Cleveland kuwa ndiye baba. Wafuasi wake wakababaika. Yeye akawapelekea simu ya kuwaamuru waseme kweli, wala hakukana kuwa alikuwa akitoa matumizi ya mtoto.

Mpinzani wake, James G. Blaine, alisifiwa kwa utulivu wa nyumba yake. Lakini barua zake zilizofichuka mwaka 1876 zilimtia katika tuhuma kwamba, alipokuwa Spika wa Bunge, aliifaa kampuni ya reli naye akajipatia faida kwa kuuza hati zake. Hivyo wapiga kura wakawekwa baina ya mwenye doa nyumbani na mwenye doa barazani. Wengi katika chama cha Blaine walimhama, wakaona kuwa amana ya umma apewe aliyethibiti uaminifu katika kazi ya umma. Cleveland akashinda. Katika jimbo la New York, lililokata shauri, alizidi kwa kura zisizofika 1,200 katika kura zaidi ya milioni moja.

Wengi huikomesha hadithi hapa, wakaifanya hoja ya kwamba mambo ya nyumbani hayaulizwi. Sisi hatukubali kuikomesha hapa, kwani yuko mtu mmoja ambaye hakusikilizwa. Maria Halpin alitengwa na mwanawe, mtoto akapelekwa katika nyumba ya mayatima. Mama mwenyewe akachukuliwa kwa nguvu akatiwa katika hospitali ya wenda wazimu, akatoka baada ya muda mfupi. Mwezi Oktoba 1884 palitolewa maelezo yake ya kiapo kwamba Cleveland alimwingilia kwa nguvu. Watetezi wa Cleveland wakalijibu hilo kwa kumchafulia jina. Shauri hilo halikupata kuamuliwa na mahakama, na wanawake hawakuwa na kura katika uchaguzi ule.

Hapa ndipo palipo kiini cha mas'ala. Kosa lililo baina ya mtu na Mola wake, akalisitiri na kulijutia, si ruhusa yetu kulichimbua. Lakini dhuluma juu ya kiumbe mwengine ni haki ya mja, wala haigeuki kuwa siri ya nyumbani kwa kuwa ilitendeka chumbani. Amfanyiavyo mtu mnyonge pasipo na shahidi, ndivyo atakavyowafanyia raia akishika dola. Walioiita khabari ile kosa la ujana (naye alikuwa amekwisha timia miaka 37 mtoto alipozaliwa) walihukumu kabla ya kumsikiliza mdai.

Tena ukweli wa siku moja si dhamana ya umri wote. Cleveland alimwoa Frances Folsom mwaka 1886, akashindwa mwaka 1888, akarudi kushinda mwaka 1892. Mwezi Julai 1893, nchi ikiwa katika msukosuko wa fedha, alipasuliwa kwa siri ndani ya jahazi ya anasa, akaondolewa uvimbe mdomoni pamoja na sehemu ya taya. Watu waliambiwa ni maradhi ya meno na baridi yabisi, na mwandishi aliyetoa khabari ya kweli akaitwa mwongo. Mmoja wa madaktari alieleza kweli yenyewe mwaka 1917, Cleveland akiwa amekwisha fariki huko Princeton tarehe 24 Juni 1908.

Basi, ndugu wasomaji, tusiwe wapelelezi wa aibu za watu, wala tusiwe vipofu. Amjiapo mtu kutaka kura, tumwulize: je, yuko aliyemdhulumu? Na kama yuko, amemrudishia haki yake? Na mdhulumiwa amesikilizwa? Haya yatuhusu. Na nyumba iliyotulia isitughuri tukamwachia funguo za hazina mwenye mkono mrefu. Kura ni ushahidi, na shahidi huulizwa alichokijua na alichokinyamazia.