Pandita Ramabai: Mjane aliyewajengea wajane wa India makao

KATIKA India ya karne ya 19, msichana wa tabaka la juu la Wahindu angeweza kuolewa akiwa na umri wa miaka tisa na kufiwa na mume kabla hata hajahamia kwake. Kuanzia siku hiyo alinyolewa nywele, akavuliwa bangili na kupewa mlo mmoja kwa siku, huku akilaumiwa kuwa dhambi zake za maisha ya awali ndizo zilizomuua mumewe. Sheria ya mwaka 1856 iliruhusu wajane kuolewa tena, lakini sheria ni karatasi, jamii haikutaka.

Ramabai alizaliwa Aprili 23, 1858, msituni kusini mwa India. Babake, Anant Shastri Dongre, msomi wa tabaka la Brahmin, alikuwa amehamia huko baada ya kushutumiwa kwa kumfunza mkewe Kisanskriti, lugha ya maandiko matakatifu ambayo wanawake walikatazwa. Binti naye alifunzwa. Familia hiyo ilizunguka nchi kwa miguu ikisoma maandiko mbele ya mahujaji, hadi njaa ya miaka ya 1870 ilipowaua wazazi wote wawili na dadake. Ramabai na kakake waliendelea kutembea, mara nyingi tumbo tupu, wakafika Calcutta mwaka 1878. Wasomi wa huko walimtahini, wakastaajabu, wakamtunuku cheo cha Pandita.

Mwaka 1880 kakake alifariki, naye akaolewa na wakili Mbengali wa tabaka la chini. Kipindupindu kilimuua mume huyo Februari 1882, akamwacha na mtoto mchanga, Manorama. Sasa naye alikuwa mjane.

Mwaka 1883 alisafiri hadi Uingereza akinuia kusomea udaktari, lakini matatizo ya kusikia yakamzuia. Huko alibatizwa. Baadaye akaenda Marekani, ambako mwaka 1887 alichapisha kitabu kuhusu mateso ya wanawake wa tabaka la juu, na chama kikaundwa Boston kugharamia makao ya wajane kwa miaka 10.

Makao hayo, Sharada Sadan, yalifunguliwa Bombay (sasa Mumbai) Machi 1889, kisha yakahamishiwa Pune. Ramabai aliahidi kutomlazimisha yeyote kubadili dini, na kanuni za chakula za Kihindu zilifuatwa. Hata hivyo, hakuwafungia mlango wasichana waliotaka kuketi naye akisali. Mwaka 1893 ghadhabu zilizuka: magazeti yakamshambulia, washauri wake, akiwemo mwanamageuzi mashuhuri M. G. Ranade, wakajiuzulu, na jamaa wakawaondoa wasichana wengi. Lawama hiyo haikuwa ya bure kabisa, kwani watu walikuwa wamemkabidhi watoto wao kwa sharti. Lakini wengi wa waliopiga kelele hawakuwa na makao mengine ya kuwapa wajane hao.

Njaa iliporejea mwaka 1896, Ramabai alikwenda mwenyewe katika majimbo ya kati kuwatafuta wajane na mayatima waliokuwa wakiokotwa na walanguzi wa wanawake. Aliwaleta Kedgaon, karibu na Pune, kwenye shamba aliloliita Mukti, yaani ukombozi. Hapa Ukristo ulifundishwa waziwazi. Baada ya njaa ya 1900, wakazi walipita 1,500.

Hawakukaa kungoja sadaka. Walifuma nguo, wakakamua mafuta, wakafuga ng'ombe, wakalima na kuendesha mtambo wa uchapishaji. Vipofu walifunzwa kusoma kwa vidole, kazi iliyosimamiwa na Manorama.

Manorama alifariki mwaka 1921, pigo kubwa kwa mama aliyekuwa amemwandaa kuwa mrithi wake. Ramabai aliendelea na tafsiri yake ya Biblia kwa Kimarathi, aliyoifanya kutoka Kiebrania na Kigiriki kwa miaka mingi, akaikamilisha kabla ya kuaga dunia Aprili 5, 1922. Makao ya Kedgaon yangali yanapokea wanawake na watoto.