Askofu Comenius na Kitabu cha Watoto

Katika siku za jubilii ni desturi kuwakumbuka waliojenga makanisa na shule. Sisi tufundishao watoto twaona ni haki kumkumbuka pia askofu mmoja wa Ulaya aliyewatungia watoto kitabu, akangoja kwa taabu nyingi kabla hakijapigwa chapa. Jina lake ni Jan Amos Komenský, ambaye wengi humjua kwa jina la Kilatini, Comenius.

Alizaliwa tarehe 28 Machi, 1592, katika Moravia, ambayo leo ni sehemu ya nchi ya Ucheki. Wazee wake walikuwa watu wa Kanisa la Umoja wa Ndugu. Alipokuwa angali mtoto baba yake alikufa, kisha mama yake, akabaki yatima. Kwa hiyo alichelewa masomo, hata alipoingia shule ya Kilatini alikuwa kijana wa miaka 16. Aliyoyaona huko hakuyasahau kamwe: watoto wakikaririshwa kanuni za lugha wasizozielewa, na fimbo ikifanya kazi ya mwalimu. Mtoto mdogo hudhani ndivyo ulimwengu ulivyo. Yeye alikuwa amekwisha kupata akili za utu uzima, akatambua ya kuwa kosa si la watoto.

Mwaka 1616 aliwekewa mikono kuwa mchungaji, na baadaye akapewa ushirika na shule katika mji wa Fulnek. Mwaka 1618 vikaanza vita vilivyodumu miaka 30. Ndugu wakaudhiwa kwa ajili ya imani yao, naye akawa mtu wa kujificha huku na huku. Mwaka 1622 mkewe na watoto wao wawili wakafa kwa tauni. Mwaka 1628 akaiacha nchi yake pamoja na Ndugu wengi, wakahamia Leszno katika Poland.

Huko akafundisha, na mwaka 1631 kikatoka kitabu chake cha kujifunzia Kilatini, chenye maneno kama 8,000 katika sentensi 1,000. Kikafasiriwa katika lugha nyingi, na sifa zake zikaenea. Mwingine angalitosheka. Yeye aliona ya kuwa watoto wadogo wangali wakikwama, maana walipewa majina ya vitu wasivyoviona.

Basi mwaka 1650 aliitwa Hungaria kutengeneza shule ya Sárospatak, na huko ndiko alikotunga Orbis Pictus, yaani Ulimwengu kwa Picha. Kitabu kina sura 150, tangu habari za Mungu hata Hukumu ya mwisho, na katikati yake mbingu, wanyama, nyuki, mwoka mikate, seremala na mhunzi. Kila kitu katika picha kina tarakimu yake, na tarakimu ile ile huwekwa penye jina lake katika maneno. Mtoto asomapo jina huitafuta tarakimu, akakiona kitu chenyewe. Hata alfabeti aliifundisha kwa sauti za viumbe, kunguru na mwana-kondoo na wengineo, ili mtoto aanze na lile alijualo.

Walakini kutunga ni jambo moja, na kupiga chapa ni jambo jingine. Huko Hungaria hakupatikana fundi hodari wa kuchonga picha. Ilibidi mswada upelekwe mbali, Nuremberg katika Ujerumani, kwa mpiga chapa Michael Endter. Kazi ya picha nyingi namna ile ni ndefu. Comenius akarudi Leszno mwaka 1654, na kitabu hakijatoka.

Mwezi wa Aprili, 1656, vita vikaufikia mji wa Leszno, ukachomwa moto. Nyumba yake ikateketea pamoja na maandiko yake mengi. Humo ilikuwamo kamusi ya Kicheki na Kilatini aliyoifanyia kazi zaidi ya miaka 40. Alikuwa mzee wa miaka 64, hana nyumba, hana nchi, na kazi ya maisha yake imekuwa majivu. Akakimbilia Amsterdam.

Lakini kile kitabu kidogo cha watoto hakikuwamo motoni. Taabu ile ya kukosa fundi ndiyo iliyokiweka mbali na moto. Mwaka 1658 kikatoka Nuremberg, kwa Kilatini na Kijerumani, na mwaka 1659 kikatoka London, kimefasiriwa kwa Kiingereza na mwalimu Charles Hoole. Kikaendelea kupigwa chapa zaidi ya miaka 100, na mshairi Goethe alikisoma utotoni mwake.

Comenius alifariki Amsterdam tarehe 15 Novemba, 1670, akazikwa Naarden. Hakuona Kanisa lake likiinuka tena. Mjukuu wake, Daniel Ernst Jablonski, ndiye aliyemweka wakfu askofu wa kwanza wa Kanisa hilo lililofufuka, mwaka 1735. Na mwaka 1891 wamisionari wake wakafika Rungwe, katika nchi ya Wanyakyusa.

Walimu wenzetu, kamusi ya wataalamu iliungua, kitabu cha watoto kikabaki. Mwenzetu aliye na hadithi au masomo aliyowaandikia wanafunzi wake asiyafungie sandukuni akingoja yakamilike. Na ayatoe, yasomwe na kusahihishwa, yapelekwe kwa wapiga chapa. Wakichelewa, asikate tamaa.