Padre de l'Épée na Mabinti Wawili Viziwi

Charles-Michel de l'Épée alizaliwa Versailles, Ufaransa, mwaka 1712. Sisi waseminari tunamkumbuka kwa nyumba moja ya Paris, alikowakuta mabinti wawili, akawasalimu, wasiitike. Mama yao alimweleza kwamba ni viziwi, na padre aliyewafundisha kwa picha amefariki.

De l'Épée alihofu wangekufa bila kuijua imani, akaamua kuwafundisha. Alijifunza kwanza ishara za viziwi wenyewe, kisha akaongeza nyingine za kisarufi (hizo, tunadhani, ziliwalemea wanafunzi). Shule ilikuwa nyumbani kwake. Maskini hawakulipa ada. Gharama alizibeba yeye.

Alifariki tarehe 23 Desemba 1789. Mwaka 1791 Bunge la Ufaransa liliamua shule hiyo igharamiwe na serikali.