Pelletier, mtafiti aliyeitoa kinini maabara na kuipeleka kiwandani

Mashamba ya kinkina katika Kivu Kusini na kiwanda cha Pharmakina mjini Bukavu vina mizizi katika kazi ya Mfaransa aliyefariki zaidi ya miaka 180 iliyopita.

Pierre Joseph Pelletier alizaliwa Paris mwaka 1788, mtoto wa mfamasia. Alifundisha katika shule ya famasia ya mji huo huku akiendesha duka la dawa. Mwaka 1820, yeye na mwenzake Joseph Caventou walifaulu kutenga kinini kutoka maganda ya mti wa kinkina.

Kabla ya hapo, wagonjwa wa malaria walikunywa unga wa maganda hayo. Ganda moja lilikuwa na dawa nyingi, lingine karibu halina kitu, na mganga hakuweza kujua. Kinini safi ilipimika, hivyo kipimo cha kila mgonjwa kikajulikana.

Wawili hao hawakujiwekea haki ya ugunduzi wao. Walichapisha njia yote, na yeyote aliweza kuifuata. Lakini Pelletier hakungoja wafanyabiashara: alianzisha kiwanda chake mwenyewe. Mwaka 1827 Akademia ya Sayansi ya Ufaransa iliwatunuku faranga 10,000. Pelletier alifariki mwaka 1842.

Kwa watafiti wa vyuo vikuu vya Bukavu na wa kituo cha Lwiro, maisha yake yanabakiza funzo moja: matokeo yanayoishia kwenye karatasi hayamponyi mgonjwa. Lazima mtu ayafikishe kiwandani.