Marion Sims na uzi wa fedha: upasuaji wa fistula ulitoka wapi?

Kila ifikapo tarehe 23 Mei, Siku ya Kimataifa ya Kutokomeza Fistula, huwa tunaleta daktari studioni na simu haziishi. Safari iliyopita ujumbe mmoja ulinikaa kichwani. Msikilizaji wetu, mama mtu mzima, alitaka kujua ni nani aliyegundua namna ya kushona lile tundu, na kwamba huyo mgunduzi alijifunza kwa kuwashona akina nani. Swali la kwanza lina jibu la haraka. La pili ndilo lililonifanya nikae chini niandike.

Jina lake ni James Marion Sims, Mmarekani, aliyezaliwa tarehe 25 Januari 1813 katika Kaunti ya Lancaster, jimbo la South Carolina. Baba yake alitamani mtoto awe mwanasheria. Kijana akachagua udaktari, akahitimu mwaka 1835 katika chuo cha Jefferson mjini Philadelphia, akarudi kwao kufungua kazi. Wagonjwa wake wawili wa mwanzo walikuwa watoto wachanga, na wote wawili walifariki mikononi mwake. Akang'oa kibao chake cha daktari, akakitupa kisimani, akahamia Alabama. Mwaka 1840 alikuwa tayari ameweka makazi katika mji wa Montgomery.

Hapo lazima tueleze Montgomery ilikuwa mji wa namna gani. Ilikuwa nchi ya mashamba ya pamba, na pamba ililimwa na kuchumwa na watumwa Weusi walionunuliwa na kuuzwa hadharani. Mtumwa akiugua, tajiri wake ndiye aliyeita daktari na ndiye aliyelipa. Mwanamke mtumwa alihesabiwa kwa kazi yake shambani na kwa watoto atakaozaa, maana watoto hao nao walikuwa mali ya tajiri. Sims alitibu watu wa pande zote mbili, mabwana na watumwa, naye mwenyewe alimiliki watumwa. Magonjwa ya wanawake hakuyapenda hata kidogo.

Mwaka 1845 aliitwa kwenye shamba moja karibu na mji. Binti wa miaka 17, mtumwa, aitwaye Anarcha, alikuwa na siku ya tatu katika uchungu na mtoto hatoki. Sims alimvuta mtoto kwa koleo. Siku chache baadaye ilionekana kwamba Anarcha hawezi tena kuzuia mkojo, wala haja kubwa.

Hiyo ndiyo fistula ya uzazi, na wengi wenu mmeshawahi kutusikia tukiieleza. Katika uchungu pingamizi kichwa cha mtoto hukwama kwenye nyonga, kikabana nyama laini kati yake na mfupa kwa saa nyingi, wakati mwingine siku kadhaa. Damu haipiti. Nyama iliyokosa damu hufa, na baada ya siku chache huachia, ikabaki tundu kati ya kibofu na uke, au kati ya uke na njia ya haja kubwa, au kote kuwili. Kuanzia hapo mkojo hutoka wenyewe mchana na usiku. Hii si sawa na ile hali ya kuponyokwa na mkojo kidogo ukikohoa au ukicheka, ambayo mara nyingi hutokana na kulegea kwa misuli ya sakafu ya nyonga. Mazoezi ya misuli hayazibi tundu.

Wakati huo karibu madaktari wote waliamini fistula haina tiba. Si kwamba hakuna aliyewahi kufaulu: John Peter Mettauer wa Virginia alikuwa ameziba moja miaka ya 1830 kwa waya wa risasi. Lakini hizo zilikuwa bahati za hapa na pale. Sims naye alimwambia mwenye Anarcha kwamba hakuna la kufanya. Miezi hiyohiyo akaletewa wasichana wengine wawili watumwa wenye shida ileile, Betsey na Lucy.

Kilichombadilisha mawazo ni mama mmoja wa Kizungu aliyeanguka kutoka kwenye farasi akaumia nyonga. Ili kurudisha kizazi mahali pake, Sims alimwinamisha kwa magoti na viwiko. Hewa ikaingia, uke ukapanuka kama puto, na maumivu yakaisha. Daktari akawaza: kama hewa inapanua hivi, basi kwa mlalo huo ninaweza kuliona tundu la fistula. Akanunua kijiko cha bati, akakipinda mpini, akamwita Betsey. Akaona alichosema hakuna mtu aliyewahi kukiona waziwazi kabla yake. Kile kijiko kilichopindwa ndicho kilichozaa kifaa ambacho hadi leo madaktari hukiita spekulamu ya Sims. Dada zangu mliowahi kupimwa kwenye kliniki za uzazi, huenda mmekutana nacho.

Kisha akawafuata matajiri wa wasichana wale. Makubaliano yalikuwa kwamba yeye atawalisha na kuwapa malazi bila malipo, wao waendelee kuwavisha na kuwalipia kodi, naye hatawafanyia jambo la kuhatarisha maisha yao. Waliotia mkono kwenye makubaliano hayo ni wanaume watupu. Akajenga chumba cha wagonjwa nyuma ya nyumba yake, akawakusanya Anarcha, Betsey, Lucy na wengine kadhaa ambao majina yao hakuyaandika.

Wa kwanza kukatwa alikuwa Lucy. Alipigishwa magoti juu ya meza mbele ya madaktari wapatao 12 waliokuja kutazama, akavumilia kama saa nzima bila dawa ya usingizi. Ni kweli wakati ule dawa hiyo ilikuwa bado. Baada ya kushona, Sims aliacha kipande cha sponji kwenye njia ya mkojo ili kinyonye. Kikaganda humo, Lucy akapata homa kali, na siku ya kukitoa ilibidi kivutwe kwa nguvu. Alipona baada ya miezi miwili au mitatu. Tundu halikuziba.

Nakiri hapa ndipo nilipoweka karatasi chini kwa muda. Nilianza nikitaka kumtangaza shujaa.

Majaribio yaliendelea karibu miaka minne. Oktoba 1846, mjini Boston, etha ilioneshwa hadharani kuwa inamlaza mgonjwa asisikie kisu, na habari zikaenea upesi Marekani nzima. Sims hakuitumia kwa wanawake hawa. Hata miaka mingi baadaye alishikilia kwamba maumivu ya upasuaji wa fistula si makubwa kiasi cha kuhitaji dawa ya usingizi. Aliwapa afyuni baada ya upasuaji, ambayo ilituliza maumivu na pia ilifunga choo ili mshono usisumbuliwe. Baadhi ya waandishi wa leo wanamtetea kwa kusema etha ilikuwa ngeni na ya kuogopwa. Sawa, lakini anayesema maumivu ni madogo si yeye aliyepiga magoti mezani.

Madaktari wenzake walichoka, mmoja mmoja wakaacha kumsaidia. Ndipo wagonjwa wenyewe walipoingia kazini. Walishikana, walimshikia kijiko, walipitishiana vifaa, wakajua hatua za upasuaji kuliko daktari yeyote wa mji ule. Vitabu vingi vya tiba viliwataja kama miili tu, wakati kwa kweli walikuwa pia wasaidizi wa kwanza wa upasuaji huu.

Tatizo lilikuwa uzi. Hariri hunyonya mkojo na uchafu, nyama ikavimba na kuoza, mshono ukaachia. Sims alifikia wazo la kutumia waya wa fedha, yale madini yenyewe, akamwagiza sonara wa mjini amvutie waya mwembamba. Fedha hainyonyi. Akaifunga kwa vipande vidogo vya risasi, akaweka mpira wa mkojo ili kibofu kisijae wakati kidonda kinapona. Katikati ya mwaka 1849 alimshona Anarcha kwa waya huo. Ilikuwa mara ya 30 hivi kumpasua. Wiki moja baadaye alimkagua: hakuna uvimbe, mkojo safi, tundu limefungwa. Baada ya muda si mrefu Lucy na Betsey nao wakapona.

Yaliyofuata ni mafanikio tupu. Mwaka 1852 alichapisha njia yake katika jarida la tiba. Mwaka 1853 alihamia New York, na miaka miwili baadaye, kwa msaada wa akina mama wenye uwezo, ikafunguliwa Hospitali ya Wanawake, ambako wengi wa wagonjwa wa fistula walikuwa wahamiaji maskini kutoka Ireland. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe alikwenda Ulaya, akatibu watu wakubwa, akiwemo Eugénie, mke wa mfalme wa Ufaransa. Mwaka 1874 aligombana na bodi ya hospitali yake iliyokataa wagonjwa wa saratani, akajiuzulu. Katika hilo alikuwa sahihi. Mwaka 1876 akawa rais wa chama cha madaktari wa Marekani. Alifariki New York tarehe 13 Novemba 1883, na mwaka 1894 akasimamishiwa sanamu.

Hospitali ile baadaye ilihama, na penye jengo lake la pili leo pana hoteli ya kifahari ya Waldorf Astoria. Fistula ya uzazi ilitoweka huko wanawake walipoweza kupata mkunga na upasuaji kwa wakati. Huku kwetu bado ipo, na mshono ni uleule kwa asili yake, ingawa sasa unafanywa kwa nyuzi za kisasa na mgonjwa akiwa ametiwa ganzi. Ndio unaofanyika Addis Ababa, Bukavu, na hapa Tanzania CCBRT jijini Dar es Salaam, ambako matibabu ya fistula ni bure. Kama tangu ulipojifungua unavuja mkojo au haja kubwa, anza kwa kumweleza muuguzi wa kituo chako cha afya.

Sanamu ya Sims iliondolewa Central Park tarehe 17 Aprili 2018. Mwaka 2021, mjini Montgomery, msanii Michelle Browder alisimamisha sanamu tatu ndefu za chuma, zilizoungwa kwa vyuma vilivyotupwa. Ni Anarcha, Betsey na Lucy.